Kidumu Kisichojaa: Tunamkumbuka Mzee Anyitike, Mpima Maziwa wa Kinyala

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uliyeko jikoni, uliyeko shambani na simu yako inasema mfukoni, uliyeko dukani Bulyaga au Ibighi, vuta kiti. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Anyitike Ambindwile, wa Kinyala. Wengi mlimjua kama Mzee Anyitike, mpima maziwa. Tulimzika wiki iliyopita, mvua inanyesha, na watu hawakuondoka.

Niseme mapema. Kumbukumbu hii ina uchungu, na uchungu wenyewe una hasira ndani yake. Nimemwomba Mungu anipunguzie hiyo hasira kabla sijakaa hapa. Amepunguza kidogo. Iliyobaki tutakwenda nayo.

Mzee Anyitike amekufa kwa figo. Narudia, kwa figo. Na mwaka huu huu aliambiwa figo zake ni nzima. Hakuambiwa na watu wa kijiweni. Aliambiwa kwa kipimo. Haya nimeyapata kwa mke wake, mama Alinanuswe, tukiwa tumekaa mkekani msibani, na ameniruhusu. Alisema, "Yaseme, dada. Mimi nikiyasema nalia, na nikilia watu hawasikii maneno."

Tuanze na mtu mwenyewe.

Miaka mingi Mzee Anyitike alipima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Asubuhi ukungu haujaondoka, wafugaji wamejipanga na ndoo zao, yeye amesimama na kile kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa yakiwa mazito, kinaelea. Yakiwa na maji, kinazama. Hakumwaibisha mtu. Aliinama karibu na sikio akasema, "Mama, ng'ombe wako leo kanywa maji mengi." Mtu alibeba ndoo yake akaondoka kimya, na kesho yake alileta maziwa ya kweli. Hata kaka yake mama Alinanuswe alirudishwa. "Shemeji, haya mpelekee ndama," aliambiwa. Hawakusalimiana mpaka Krismasi.

Sasa mguu. Masika moja alikuwa anashuka na kopo kubwa la maziwa begani. Njia ilikuwa utelezi. Alianguka, kopo likamwangukia mguu wa kulia. Kidonda kilikataa kupona. Mwisho madaktari waliukata mguu juu ya goti. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mguu mmoja ulikatwa, juu ya goti.

Hakulia sana. Alikwenda Bulyaga kwa fundi viatu, Salimu, akamwambia, "Nitakuwa nanunua jozi, lakini cha kulia nakuachia wewe." Salimu alimjibu, "Mzee, Mungu akinijalia wateja kumi kama wewe, nafungua duka la viatu vya kulia." Walicheka mpaka mafundi wa jirani waliacha kushona wakawaangalia.

Lakini nyumbani alikuwa anakonda. Mama Alinanuswe alikuwa anaona. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka milima ya Kinyala sasa anakaa kwenye kiti mchana kutwa. Paja lililobaki likawa jembamba. Mikono ikawa kama mpini wa jembe. Mabega yakamuuma kwa sababu ya magongo, na akawa anameza vidonge vya maumivu. Asubuhi vidonge, jioni vidonge. Presha nayo alikuwa nayo tangu zamani. Sasa, vile vidonge vya maumivu vinataka mtu mwenye figo imara. Figo zikichoka, vinazimaliza. Mimi nilikuwa sijui. Mama Alinanuswe alikuwa hajui.

Alichojua ni kiatu. Siku moja Salimu alijaribu kumvalisha Mzee kile kiatu cha kushoto, hakikuingia. Salimu akasema, "Mzee, wewe umekonda, mguu umenenepa. Mnagawanaje chakula nyumbani?" Mzee alicheka. Mama Alinanuswe hakucheka. Alibonyeza ule mguu kwa kidole, kidole kikaacha shimo.

Wakaenda hospitali. Sitaitaja. Tabibu aliyewapokea anaitwa Obed, kijana mpole, foleni imemjaa mpaka mlangoni. Alifanya vizuri, alichukua damu. Katika damu kuna uchafu mmoja unaotoka kwenye misuli, wanauita kreatinini. Figo ndizo zinazouchuja. Uchafu ukijaa kwenye damu, basi figo zimechoka. Ukiwa kidogo, figo ziko kazini. Ndivyo wanavyopima hospitali nyingi.

Uchafu ulikuwa kidogo. Obed aliingiza namba kwenye simu yake ili imfanyie hesabu. Simu iliuliza umri. Iliuliza mwanamume au mwanamke. Haikuuliza ana miguu mingapi. Ikajibu kwamba figo ni nzima.

"Mzee, figo safi," Obed akasema. "Mguu utakuwa umevimba kwa kukaa sana. Uuweke juu ya stuli. Dawa za maumivu endelea nazo."

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili ile walipeleka shukrani kanisani. Mkungu wa ndizi, mayai na jogoo. Mchungaji aliomba, watu wakaitika. Nami nilikuwepo, niliitika. Mama Alinanuswe alishukuru pamoja na wengine, lakini macho yake yalikuwa chini ya benchi, kwenye ule mguu. Haukupungua.

Akarudi hospitali peke yake. Alimwambia Obed, "Baba, mimi sikusoma. Lakini ule mguu, hata ukiwa juu ya stuli, leo umevimba kuliko jana." Obed alimsikiliza, na hapa nampa haki yake. Angeweza kumfukuza. Akasema, "Basi tupime kwa njia nyingine. Tupime mkojo wa kutwa nzima."

Nieleze hiyo njia. Asubuhi mgonjwa anamwaga mkojo wa kwanza. Baada ya hapo kila tone linaingia kwenye kidumu, mchana na usiku, mpaka kesho asubuhi. Kila tone. Halafu wanaulinganisha mkojo na damu, wanajua figo zimechuja kiasi gani. Tone likipotea, hesabu inaharibika. Obed alimpa kidumu kisafi chenye mfuniko, akarudia mara mbili: "Yote, mama. Asikojoe pengine."

Sasa twende nyumbani kwa Mzee Anyitike, maana hapo ndipo jambo lilipokwama.

Katika nyumba ile wanakaa Mzee, mkewe, mtoto wao Nelson, na mke wa Nelson, Doreen. Doreen ni mkamwana. Vijana wa mjini mtanicheka, lakini wenyeji wa Rungwe mnajua. Mkamwana na baba mkwe wanaogopana. Hawatazamani usoni. Akipita huku, mwingine anapita kule. Chumba cha mkwe haingii. Siku hizi nyumba nyingi wamelegeza. Mzee Anyitike hakulegeza. Alimpenda mkamwana wake, na aliuonyesha upendo huo kwa kumkwepa. Akitaka chumvi alimwagiza mkewe, na mkewe alimwagiza Doreen, ambaye alikuwa amesikia tangu mwanzo, kwa sababu nyumba haina dari.

Nyumba haina dari. Sauti ya chumbani inapita juu ya ukuta mpaka jikoni. Mtu akikohoa, wote wanajua nani kakohoa. Sasa mzee wa watu akojoe kwenye kidumu cha plastiki, na mkamwana yuko jikoni anamenya ndizi?

Siku ya kipimo mama Alinanuswe aliweka kidumu chini ya kitanda, akaenda kwenye chai. Zamu yake ya kuchuma. Alimwambia mumewe, "Kiko hapo. Usinitie aibu kwa daktari." Mzee akajibu, "Mimi nimepima watu maisha yangu yote. Leo nashindwa kujipima?"

Akashindwa. Alipobanwa, alisikia Doreen anaweka sufuria jikoni. Akachukua magongo, akatokea mlango wa nyuma, akaenda migombani.

Doreen naye aliambiwa asubuhi kwamba tata anapima mkojo. Tata ni baba, ndivyo alivyomwita mkwe wake. Kwa heshima alisema moyoni, ngoja nimpishe. Aliposikia magongo chumbani, akaacha sufuria, akatoka kwenda kujificha. Akaenda wapi? Migombani.

Nimecheka, Mungu anisamehe, na mama Alinanuswe mwenyewe alicheka akiwa kwenye nguo za msiba. Mzee amesimama kwa gongo moja, ameelekea mgomba. Mgomba wa tatu kutoka hapo, mkamwana amechuchumaa, kajifunika kanga kichwa kizima. Akapiga chafya. Mzee akaganda. "Nani huyo?" Kimya. "Nauliza, nani?" Sauti ikatoka ndani ya kanga, "Si mtu, tata."

Waliachiana nyumba wote wawili. Ndani kikabaki kidumu peke yake.

Na haikuwa mara moja. Mchana ule wote ilikuwa hivyo. Usiku ndiyo alitumia kidumu, Doreen akiwa amelala. Asubuhi mama Alinanuswe alikitazama kidumu. Hakikufika hata nusu.

"Mengine yako wapi?"

"Migombani."

"Anyitike."

"Usinipigie kelele, mkamwana atasikia."

Wengine wangenyamaza wakapeleka hivyo hivyo. Mzee Anyitike hakuwa mtu wa hivyo. Alifika mbele ya Obed akasema, "Mwanangu, huu ni pungufu. Wa mchana mwingi umeanguka chini. Mimi maziwa pungufu nilikuwa nayaandika pungufu, na wewe andika hivyo." Obed alikipima hata hivyo. Kipimo cha mkojo kikasema figo zimechoka sana. Kipimo cha damu kilikuwa kimesema figo nzima.

Hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri. Vipimo viwili, majibu mawili. Obed akafikiri, akasema, "Huu wa mkojo haukukamilika, ndiyo maana hesabu imetoka chini. Hauna maana, tuuache. Nendeni mkarudie vizuri. Kwa sasa tunaamini damu."

Ukiangalia, alisema sawa. Mkojo ulikuwa pungufu, kila mtu alijua. Lakini damu nayo ilikuwa na upungufu wake, ila upungufu wa damu hakuna aliyeuona. Ulikuwa umekaa mbele yao kwenye kiti, na gongo kila upande.

"Mkarudie," Obed alisema. Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo neno lililomwua. Kurudia kulikuwa rahisi. Siku moja tu Doreen aende kwao Ibighi, Mzee abaki huru na kidumu chake. Lakini mkamwana anayerudi kwao na mfuko mkononi, watu wanauliza. Baba yake Doreen, Mzee Jacob, ni mtu wa maneno makali. Nelson alimwambia mama yake, "Nikimpeleka Doreen kwao, mzee Jacob atasema nimemfukuza. Nitamwambia nini?"

"Mwambie baba yako anapima mkojo."

"Mama. Nimtajie mkwe wangu mkojo wa baba?"

Hata mama Alinanuswe mwenyewe asingeweza. Wakasema wangoje, Doreen ataenda kwao kwenye ubarikio wa mdogo wake kanisani. Ubarikio ukasogezwa mbele. Wakasema basi, baada ya kuvuna viazi. Viazi vikavunwa, Doreen akaugua malaria. Kidumu kimeoshwa, kimekaushwa, kimening'inizwa ukutani. Kila asubuhi mama Alinanuswe anakiona. Kila asubuhi anaubonyeza ule mguu. Na kila jioni Mzee anameza vidonge vya maumivu, maana figo ni nzima, imeandikwa.

Halafu chakula kikamkataa. Akaanza kutapika. Kwikwi ikamshika, haikatiki. Ngozi inamwasha mpaka anajikuna kwa mti wa gongo. Siku aliyoshindwa kumtambua Nelson, walimbeba kwenda Mbeya.

Kule walipokelewa na daktari mmoja, Prisca. Mama Alinanuswe anasema daktari yule hakuanza na karatasi. Alifunua shuka. Akauliza, "Mguu ulikatwa lini?" Akashika mkono wa Mzee, akauzungusha kwa vidole vyake viwili, vidole vikakutana. Ndipo akaangalia zile karatasi za nyuma.

Aliwaeleza pembeni, taratibu. "Uchafu huu tunaoupima kwenye damu unatoka kwenye misuli. Baba hana misuli. Uchafu wake ni kidogo kwa kuanzia. Hata figo zikiziba, damu yake inaonekana nzuri. Kwa mtu kama yeye, damu hii peke yake inadanganya. Kuna kipimo kingine cha damu kisichotegemea misuli, ila sampuli inasafirishwa mbali. Kilichokuwa karibu ni ule mkojo."

Mama Alinanuswe akauliza, "Kwa hiyo ule pungufu ndio ulisema kweli?"

"Ulikuwa pungufu, mama. Ungerudiwa ukiwa kamili, nadhani ungesema hivyo hivyo. Figo zimechoka. Tungesimamisha dawa za maumivu mapema."

Nelson alitoka nje. Doreen alikuwa ameinama. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mzee aliwekewa mpira wa mkojo, na mfuko ukaning'inia pembeni ya kitanda. Wakawa wanajiandaa kumsafisha damu kwa mashine, lakini moyo ulikuwa dhaifu, wakangoja utulie. Mchana mmoja mama Alinanuswe alishikwa na kizunguzungu, akalazwa kwenye benchi la wodini. Nelson alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Muuguzi akaita, "Ndugu wa huyu baba, mfuko umwagwe upimwe." Ndugu aliyesimama pale alikuwa mmoja. Doreen.

Mama Alinanuswe aliona yote akiwa amelala pale benchi. Doreen alisogea amejitanda kanga, anatazama sakafu. Alipiga magoti. Akafungua mfuko, akauchuruzisha kwenye jagi lenye mistari. Mzee alikuwa macho. Alimwangalia mkamwana wake usoni, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Umefika wapi?" akamuuliza.

"Mstari wa chini kabisa, tata."

"Ndio wote?"

"Ndio wote."

"Ndaga, mwanangu. Mpelekee."

Ndaga ni asante, kwa wale msioijua lugha yetu. Ule ndio mkojo pekee wa Mzee Anyitike uliopimwa kamili. Haukupotea hata tone. Na ulikuwa haufiki kikombe. Siku iliyofuata alifariki, kabla hajafikishwa kwenye mashine.

Msibani Obed alikuja. Alisimama mbele ya mama Alinanuswe, akasema, "Mama, ile hesabu sikuikagua. Nilimwona hana mguu, lakini sikuuhesabu." Mama alimpa mkono.

Mzee Jacob wa Ibighi naye alikuja, baba yake Doreen, yule waliyemwogopa. Alikaa na wanaume nje, kwenye magogo. Mtu akamsimulia habari ya kidumu. Akasimama. Akamwita Nelson mbele za watu.

"Kumbe mlikuwa mnangoja mimi?"

Nelson akainamisha kichwa.

"Mngeniambia neno moja. Mkojo. Ningekuja jioni ile ile kumchukua mwanangu, na kesho yake ningemrudisha mwenyewe, na ndizi juu." Akakaa. Akafuta uso. "Mimi mwenyewe nimepima wa kwangu mwaka juzi. Mkamwana wangu tulimpeleka kwa jirani."

Nami niliposikia hayo niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilishindwa kuomba. Nilisimama tu.

Wasikilizaji wapendwa, sisemi heshima yetu itupwe. Nimelelewa nayo, nimeolewa nayo, na mume wangu, Mungu amrehemu, alizikwa nayo. Nasema hivi. Mgonjwa wako akiwa amekonda, akiwa amekatwa kiungo, akiwa mzee wa kitandani, na damu ikasema figo nzima, muulize daktari: je, kipimo hiki kinamfaa mtu wa namna hii? Uliza. Siyo utovu wa adabu. Na ukiambiwa kipimo kirudiwe, kirudie wiki hiyo hiyo. Na vidonge vya maumivu visigeuke chakula.

Na nyinyi matabibu wetu, tunawapenda, tunajua foleni zenu. Vipimo viwili vikigombana, msichague kile kinachoturudisha nyumbani haraka. Mfunueni mgonjwa shuka.

Kwa mama Alinanuswe, kwa Nelson na Doreen, kwa ukoo wote wa Kinyala na wafugaji wote waliopimiwa maziwa na mikono ile, poleni. Poleni sana. Kituo hiki kinalia pamoja nanyi.

Kwa wengine mnaonisikia, kaeni leo jioni na watu wa nyumba yenu. Muulizane kuna jambo gani la afya ambalo mnaliona na hamlisemi kwa sababu ya fulani. Kama lina aibu, mliseme na aibu yake hiyo hiyo.

Mungu ampumzishe Anyitike Ambindwile. Na sisi tuliobaki, atupe midomo.